Wenye kuzomea na wenye kurudi: juu ya opera, maonyesho mapya na urafiki wa watazamaji

Ndugu msomaji, ukikuta neno opera katika kitabu hiki chenye kusema juu ya mila zetu, utauliza: jambo hili la Wazungu limeingia humu namna gani? Swali ni la haki. Wengine hapa wameandika juu ya kasala, maski, ndoa na matanga. Opera ni mchezo ambamo watu hawasemi, wanaimba tangu mwanzo mpaka mwisho, na orkestra inawafuata. Ulizaliwa Italia karibu na mwaka 1600. Hapa Lubumbashi tuna jumba zuri lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa kazi za jukwaani, lakini wengi wetu tunalijua juu ya siasa kuliko juu ya muziki.

Nina sababu mbili za kulileta jambo hili. Ya kwanza ni ya historia. Tarehe 25 Agosti 1830, katika jumba la La Monnaie kule Brussels, walicheza opera ya Auber yenye kuitwa La Muette de Portici, hadithi ya watu wa Napoli wanaoasi watawala wao. Watazamaji walitoka wakiwa na moto moyoni, wakaingia barabarani, na machafuko ya usiku ule njo yalifungua mapinduzi yaliyozaa inchi ya Ubelgiji. Inchi ile ile, mwaka 1908, ilichukua Congo kuwa koloni lake. Sisemi kama opera ilituletea ukoloni. Nasema kama watu walioketi pamoja mbele ya jukwaa si watu wa kuzarauliwa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Opera ni mila sawa mila nyingine. Ina wazee wake wenye kuichunga, ina vijana wenye kuigeuza, na kati yao kuna maneno makali. Tukitazama namna wenzetu wanavyogombana juu ya mila yao na kubaki pamoja, labda tutajifunza kitu juu ya ugomvi wetu wenyewe.

1. Kesi ya mwaka 1976

Nitachukua kesi moja ninayoweza kuieleza, juu ilirekodiwa na inapatikana kwa video. Richard Wagner, Mjerumani, aliandika opera 4 zenye kufuatana, zinazoitwa kwa jina moja Pete ya Nibelungi. Alianza mwaka 1848, akamaliza 1874. Kuzisikiliza zote kunaomba karibu saa 15, kwa mikesha 4. Mwaka 1876 alizicheza katika jumba alilolijenga mwenyewe katika mji mdogo wa Bayreuth, na mpaka leo watu wanaenda kule kila wakati wa joto sawa vile wengine wanavyoenda kuhiji.

Hadithi kwa ufupi: ndani ya mto Rhine kuna dhahabu. Kibete mmoja, Alberich, anakataa mapendo kwa maisha yake yote ili aweze kuiiba, anafua pete yenye kumpa nguvu juu ya wengine, na anawatumikisha ndugu zake chini ya udongo. Wotan, mkubwa wa miungu, amejengewa ngome na majitu wawili na hana cha kuwalipa. Anamnyanganya Alberich pete kwa nguvu. Alberich anailaani. Tangu pale kila mwenye kuishika anakufa, mpaka mwisho ngome inaungua na mto unarudisha mali yake.

Mwaka 1976 ilitimia miaka 100. Wolfgang Wagner, mjukuu wa mtunzi, aliwaita Wafaransa: Pierre Boulez aongoze muziki, na Patrice Chéreau, kijana wa miaka 31, aongoze mchezo. Chéreau hakuonyesha miungu ya zamani yenye ngozi za wanyama na kofia za pembe. Alionyesha karne ya Wagner mwenyewe, wakati wa mashine na viwanda. Wotan alivaa koti refu la tajiri. Mto Rhine ulikuwa na ukuta mkubwa wa bwawa la umeme, na wale mabinti wa maji walikuwa sawa wanawake wenye kujiuza kando ya ukuta ule.

Ukumbi uliwaka. Watu walizomea, walipiga firimbi walizokuja nazo mfukoni, waligawa karatasi za kumlaumu yule Mfaransa. Watu waliofahamiana kwa miaka mingi walitukanana wakati wa mapumziko. Lakini mchezo ulirudi 1977, ukarudi tena kila mwaka, na Chéreau alikuwa anautengeneza mwaka kwa mwaka. Mwaka 1980, mara ya mwisho, makofi yalipita saa moja.

2. Walikuwa wanazomea nini?

Wenye kuzomea walisema: huyu ameharibu kazi ya Wagner. Tuliangalie neno hili kwa utulivu, sawa vile tunavyowafundisha wanafunzi kuangalia hoja kabla ya kuijibu.

Kwanza, mila waliyoilinda haikuwa na umri wa miaka 100. Baada ya vita, Bayreuth ilifunguliwa tena 1951, na Wieland Wagner, ndugu wa Wolfgang, aliondoa karibu vyote jukwaani: milima, miti, majumba. Alibakiza mwangaza na kivuli. Alikuwa na sababu. Hitler alikuwa mgeni na rafiki wa nyumba ile, na zile picha za zamani zilikuwa zimenuka siasa yake. Wieland naye alizomewa, zaidi mwaka 1956 alipoonyesha Die Meistersinger bila mji wa Nürnberg. Miaka 20 nyuma, jukwaa lake tupu lilikuwa limekuwa «namna yetu ya zamani». Wengi walimpigia Chéreau firimbi kwa jina la kitu ambacho kilipozaliwa kilipigiwa kelele.

Pili, wazo la Chéreau halikutoka hewani. Mwaka 1898 Bernard Shaw alikwisha kuandika kitabu kizima chenye kuonyesha kama Pete ni hadithi ya mali na wenye mali. Na Wagner mwenyewe alishiriki katika uasi wa Dresden mwaka 1849, serikali ikamtafuta, akakimbilia Uswisi. Mtu aliyeanza kuandika Pete alikuwa mwasi. Kwa hiyo kumvalisha Wotan koti la tajiri ni kumrudisha kwake.

Hata hivyo, sikubali wale wanaosema kama kila mwenye kuzomea ni mjinga. Mtu aliyengoja miaka mingi kupata tikiti, anayejua kila neno, ana haki ya kusema «hapa mmenipotezea kitu». Mara nyingine wana ukweli. Kuna waongozaji wa siku hizi wanaoweka jukwaani jambo la kushangaza kwa sababu tu linashangaza, na muziki unabaki kulia peke yake pembeni. Mimi napima kwa swali moja: nikifunga macho kisha nikiyafungua, ninachoona kinanisaidia kusikia vizuri zaidi, ama kinanizuia?

3. Wale wanaorudi

Magazeti yanapenda kuandika juu ya zomea-zomea. Hayaandiki mingi juu ya jambo lingine, nalo kwangu njo moyo wa mambo: kesho yake watu wale wale wanarudi na wanaketi karibu karibu.

Kule Wien, katika opera ya serikali, kuna nafasi za kusimama, za bei ndogo. Watu wanapanga mstari masaa na masaa, na wakifika ndani kila mmoja anafunga kitambaa chake kwenye chuma mbele yake. Kitambaa kikifungwa, nafasi ni yake. Anaweza kwenda kula, hakuna wa kukifungua. Sheria hii inachungwa na watu wenyewe. Katika mstari ule mwanafunzi anajuana na mzee wa pensheni, wanagombana juu ya sauti ya fulani, wanachungiana nafasi. Ni sawa kabisa na wanawake wetu wanaofika mapema kanisani kuwawekea wenzao viti kwa kitambaa.

Kule Milano, katika jumba la La Scala, wakali wanaketi juu kabisa, kwenye roshani ya mwisho inayoitwa loggione. Hawasamehe. Mwezi wa Desemba 2006, Roberto Alagna alizomewa katika Aida baada ya wimbo wake wa kwanza. Alitoka jukwaani na hakurudi, na mwenzake wa akiba aliingia kuimba katika nguo zake za kila siku. Wale wa roshani wanajuana kwa uso na kwa jina, na wana chama chao. Mtu wa inje anaweza kuona kama ni genge. Mimi naona watu waliopewa viti vibaya wakavifanya kuwa baraza la wazee.

Na Bayreuth yenyewe? Baada ya vita hakukuwa na pesa. Mwaka 1949 watu waliounda chama cha Marafiki wa Bayreuth walianza kutafuta mchango, na miaka 2 nyuma jumba lilifunguliwa. Kama watazamaji wasingekuwa marafiki, Wieland asingepata jukwaa la kuondoa milima, na Chéreau asingepata mahali pa kuzomewa.

4. Siku ine za posho

Tulitazama ile Pete ya Chéreau hapa mjini, kwa siku 4 za posho zenye kufuatana, katika lupango ya mwenzetu mmoja, kwa mashine ya kuonyesha picha ukutani. Tulikuwa watu 11 siku ya kwanza: walimu, wanafunzi wawili, mama mmoja kiongozi wa korali, na mzee mmoja aliyetumika shimoni miaka 30. Nakumbusha kwa wageni: hapa Katanga Jumamosi inaitwa siku ya posho juu njo siku kampuni ya migodi ilipokuwa inagawa chakula kwa wafanyakazi wake. Jina limebaki, posho yenyewe imekwisha.

Picha ya kwanza ilipoonekana, ule ukuta wa bwawa na mabinti wakipandisha nguo, mama wa korali alikasirika. Alisema: «Muziki unasema maji safi, ule wa kwanza kabisa, unatoka chini polepole sawa dunia inaumbwa. Huyu anatuletea uchafu gani?» Na kweli, muziki ule unaanza na sauti moja tu ya chini, inayojaa kidogo kidogo. Hakusema uongo.

Mzee wa shimoni alimjibu: «Yaya, ulikwisha kuona Mwadingusha? Pale maji yalikuwa yanaanguka yenyewe. Leo yanaanguka paka kwa kazi. Tena ni mazuri.» Walibishana mpaka umeme ukakatika, na katika giza waliendelea.

Alberich aliposhuka chini ya udongo na kuwatandika vibete wenye kubeba dhahabu, mzee alinyamaza. Nyuma alisema neno moja: «Sisi tulisema kampuni njo baba, njo mama. Hawa wanajua kama si baba.» Ndugu msomaji, mtu aweza kusoma vitabu vingi vya wataalamu juu ya Wagner na asipate sentensi hiyo. Anayetaka kujua uzito wake akisome kitabu cha Profesa Dibwe dia Mwembu cha mwaka 2001 juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Siku ya pili tulibaki 8. Nilifikiri mama wa korali hatarudi. Alirudi na kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya mzee. Hakubadili mawazo yake mpaka mwisho, na mzee vilevile. Lakini ile siku Wotan, aliyelazimishwa na sheria zake mwenyewe kumwacha mtoto wake Siegmund auawe, alipomshika mikononi akifa, wote wawili walifuta macho. Wagner hakuandika kumshika vile. Chéreau njo aliyeongeza. Mama alisema: «Hapa nimemkubalia. Ni hapa tu.»

5. Nisipokubaliana na Chéreau

Mhakiki asiyesema ubaya hajafanya kazi yake. Katika opera ya tatu, joka Fafner ni mashine yenye kusukumwa na watu tunaowaona. Wengine wanasema ni akili: anatuonyesha kama hofu ni kitu kilichotengenezwa. Sawa, lakini muziki wa Wagner pale unatisha kweli, na picha inachekesha. Sikio linaenda upande wake na jicho upande wake. Kwa kipimo nilichosema, pale ameanguka.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wale wachimbaji wa Alberich hawana uso. Wanabeba, wanapigwa, wanapotea. Kosa la kwanza ni la Wagner, aliyewapa kilio bila maneno. Lakini mwongozaji aliyejivunia kuonyesha karne ya viwanda angeweza kutuachia uso mmoja tu. Alitupa matajiri wenye huzuni. Wafanyakazi alituachia migongo yao.

Ila mwisho wake ni mkubwa. Ngome ya miungu inaungua, na umati wa watu wa kawaida unatazama moto, wametupa mgongo. Muziki unapokaribia kuisha, wanageuka polepole na kututazama sisi tulioketi. Hakuna anayesema kitu. Katika lupango yetu pia hakuna aliyesema kitu, na wakati huo hatukuwa tumepotewa na umeme.

6. Sasa opera imefika kwetu

Wengine watasema kama mambo haya yako mbali. Hapana. Tarehe 20 Februari 2019, pale Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori lenye kubeba asidi ya mgodi liligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, wengine walibaki na alama mwilini kwa maisha. Mwezi wa Januari 2024, kule Genève, jumba kubwa la opera lilionyesha Justice, opera juu ya msiba ule. Muziki ni wa Hèctor Parra, mwongozaji ni Milo Rau, na maneno yaliandikwa kwa Kifaransa na Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi. Kati ya waimbaji alikuwamo Serge Kakudji, wa kwetu pia. Jukwaani waliweka lori lililopinduka.

Kwa hiyo wale wachimbaji wasio na uso wa mwaka 1976 wamepata majina katika 2024. Ni hatua. Lakini naweka swali ambalo marafiki wa opera kule Genève hawawezi kulijibu peke yao: baada ya mchezo, nani alibishana na nani? Ugomvi ninaousifu katika kurasa hizi unaomba watu wanaokutana tena kesho. Mjane wa Kabwe hakuwa na kitambaa chake kwenye chuma kile. Mchezo juu yake, bila yeye katika mstari wa watazamaji, bado ni nusu ya mchezo, hata kama muziki ni wa hali ya juu.

7. Na sisi?

Mila zetu za jukwaani pia zimejengwa kwa mabishano. Kikundi cha Mufwankolo, ambacho wazazi wetu walikisikia kwa redio na kukiona kwa televizyo, hakikuwa na maneno yaliyoandikwa. Johannes Fabian ameeleza katika kitabu cha 1990 namna kikundi kile, mwaka 1986, kilivyotengeneza mchezo mzima kwa kuzungumza kwanza juu ya msemo mmoja kuhusu utawala: unasema nini, nani anausema, tutauonyesha namna gani. Na Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na ambayo leo tunaiita urizi wetu, ilikuwa siku ile jambo jipya kabisa: maneno ya Kilatini ya misa katika namna za kuimba za kwetu.

Leo kijana akichukua kasala na kuitia gitaa, ama akivalisha chifu wa mchezo koti na kumpa telefone mkononi, wazee wanatoka. Sikatai wakasirike. Ninachoogopa ni ule mlango wanaotokea, juu wengi hawarudi, na vijana wanafurahi kama wamebaki peke yao. Hapo kila upande unaharibikiwa. Mzee anakosa mtu wa kumrizisha, kijana anakosa mtu wa kumwambia «hapa nimekukubalia, ni hapa tu».

Naomba basi chama chetu kifanye mambo mawili yasiyoomba pesa mingi. Kila mchezo mpya uchezwe walau mara tatu, katika majuma tofauti, ili mwenye kukasirika apate siku ya kurudi na mwenye kucheza apate siku ya kutengeneza. Chéreau mwenyewe aliomba miaka 5. Na baada ya kila mchezo viti visiondolewe mbio. Taa zibaki, maji ya kunywa yaletwe, mzee apewe neno la kwanza na kijana apewe la pili. Wakizomeana, waachwe. Tuangalie tu kama posho inayokuja wamerudi, na kama kuna aliyewawekea kiti.